Breki ya Upande Mmoja Inapokataa Wakati wa Kutua

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa urubani, ninajifunza kwa Cessna 172. Juzi, mara baada ya kutua, pedali ya breki ya kushoto ilizama hadi mwisho ilhali ya kulia ilishika, na ndege ikavuta kulia. Nilipaswa kufanya nini?

Jibu: Ndugu msomaji, ulipaswa kwanza kuiachia ile breki ya kulia iliyokuwa nzima. Rubani anayeona mwendo haupungui hushawishika kuikanyaga zaidi ile inayoshika, na hapo ndipo ndege hugeuka ghafla na kutoka kwenye njia ya kutua kiubavu, jambo ambalo mimi naliona baya kuliko kufika mwisho wa njia kwa mwendo mdogo lakini ukiwa umenyooka. Katika ndege hiyo kila gurudumu kuu lina diski, masta silinda (pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki) na mafuta yake, kwa hiyo upande mmoja unaweza kufa huku mwingine ukiwa na nguvu zake zote.

Weka visigino sakafuni, kisha sukuma sehemu ya chini ya pedali ya kushoto (ya juu ndiyo breki) ili usukani wa mkia uinyooshe ndege; mwendo ukishuka, gurudumu la pua, linaloongozwa na pedali hizo hizo, litaendeleza kazi hiyo. Acha flapu (vipande vya nyuma ya mabawa) zikiwa chini, vuta usukani wa mkono kifuani, na upampu pedali iliyozama mara mbili tatu, maana wakati mwingine presha hurudi. Ukiona njia inakwisha, kata mafuta injini izime, kwa kuwa hata ikiwa imepunguzwa kabisa propela bado inavuta. Kupaa tena kunafaa tu iwapo kasi na njia iliyobaki vinatosha.

Afadhali zaidi ni kuzibonyeza pedali zote mbili ukiwa bado angani, kabla ya kugeuka kuielekea njia. Ikiwa mojawapo ni laini, tafuta njia ndefu, tua dhidi ya upepo, na usizidishe kasi: ukiongeza asilimia 10, nishati ya kumalizwa huongezeka kwa asilimia 21. Katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, takribani mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi tayari hukufanya uguse ardhi kwa mwendo mkubwa kuliko Mombasa, hata kama kipimo cha kasi kinasoma sawa.

Kuhusu chanzo, mwombe fundi akague ndani ya gurudumu la kushoto. Michirizi myekundu ya mafuta huonyesha kwamba sili (mpira wa kuzuia mafuta yasivuje) imechakaa. Pakiwa pakavu, huenda hewa imeingia kwenye bomba la breki, au masta silinda inavuja kwa ndani. Aulize pia ni mafuta gani yaliyoongezwa mara ya mwisho, kwani mafuta ya breki za gari huharibu sili za ndege hii.