Unataka Kuuza Dawa kwa Jumla Kariakoo? Tafuta Mfamasia Kabla ya Fremu

Kaka mmoja msomaji kaniandikia: "Dada, mtaji ninao, fremu nimepata Kariakoo, nataka kuuza dawa na vifaa tiba kwa jumla. Nianzie wapi?" Ujumbe umenikuta nina furaha, maana wakaguzi wametoka stoo kwangu juzi tu na hawakuandika kasoro hata moja. Acheni nijisifu kidogo, nimeisotea.

Kaka, hiyo fremu usiilipie kodi ya mwaka kabla mfamasia hajaiona. Huyo mfamasia msimamizi ndiye mtu wa kwanza kumtafuta, na awe wa kuja kazini, siyo cheti kinaning'inia ukutani Dar mwenyewe yuko Mwanza. Jengo la dawa linasajiliwa na Baraza la Famasi, kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo wengi mtaani bado wanaiita TFDA ingawa jina lilibadilika 2019 chakula na vipodozi vilipohamia Shirika la Viwango (TBS), inasajili dawa zenyewe na kutoa vibali vya kuziingiza nchini. Vifaa tiba navyo viko kwao. Kuna watu wanauza glovu na bomba za sindano kama wanauza ndoo, halafu wakifungiwa wanasema wameonewa.

Fomu na ada sitakuchosha nazo. Shida ni wateja.

Nilipoanza nilikuwa na mteja wa mkoani, ananunua taslimu, habishani bei. Siku nilipomwomba nakala ya kibali cha duka lake akaniangalia juu mpaka chini: "Dada, wewe unauza dawa au ni polisi?" Akakunja orodha yake, akavuka barabara. Nimesimama mlangoni naona maboksi ya amoxicillin yanapakiwa kwenye guta la jirani. Jirani mwenyewe ananipungia mkono! Mwezi ule mishahara ya vijana nililipa kwa mkopo wa kikoba, na mtaani nikabatizwa Mama Vibali. Mpaka leo wapo wanaoniita hivyo, na sijazoea.

Lakini ikaja siku toleo moja la dawa, yaani zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, likatakiwa kuondolewa sokoni. Kijana wangu akafungua daftari: namba ya toleo, tarehe, nani kachukua, boksi ngapi, simu yake. Jioni haijafika tumeshampigia kila mtu. Sasa wewe uliyemuuzia mtu usiyejua duka lake liko wapi, utampigia nani? Kibali cha mteja pia kinakuonyesha cha kumuuzia, kwa sababu duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuuza kila kinachouzwa famasi. Jamani, hizi ni dawa. Anayezimeza ni mtoto wa mtu.

Jingine ni joto, na joto la Dar mnalijua. Mkaguzi alifungua friji ya insulini na oksitosini, akaona nyuzi 5, sawa, inatakiwa kati ya 2 na 8. Hakuridhika. Akachukua karatasi ya joto, akashuka na kidole safu kwa safu mpaka kwenye Jumapili. "Jumapili mmefunga. Nani aliandika hapa?" Nikamwita mlinzi. Mzee wa watu akavaa miwani, akasoma kipimajoto mbele yake, akaeleza na jinsi anavyowasha jenereta umeme ukikatika. Mkaguzi akacheka, akageuza ukurasa.

Na mzigo wa bei chee unaoletwa usiku, wenye alama ya serikali, usiuguse hata kama muuzaji ni shemeji yako. Hizo ni dawa za Bohari ya Dawa ya serikali (MSD), ni za hospitali za umma. Usiniambie maisha magumu. Kwangu pia yalikuwa magumu na sikununua.

Yule mteja wa mkoani alinipigia mwaka huu. Ana kibali sasa, kanitumia picha ya hicho kibali kabla sijamwomba. Namuuzia vizuri tu, ila punguzo hapati.