Ile katuni ya ndege ya zahabu iliitwaka je?

SWALI: Yaya, jambo sana. Tukiwa watoto huku Kadutu tulikuwa tunaangaliaka katuni moja kwa jirani, ya Kifaransa, kuko kijana anavaa kitu kama jua kwa shingo na ndege kubwa ya zahabu inaruka, lakini wenzangu wanakumbuka tu Tom na Jerry, wananiambia eti niliota. Ni gani ile?
Musomaji, Bukavu

JIBU: Haukuota, mudogo wangu. Ni Les Mystérieuses Cités d'or, Wafaransa na Wajapani waliitengeneza pamoja, ilitoka 1982, vipande 39. Kijana ni Esteban wa Barcelona, hadisi inaanza 1532, anavuka bahari na Zia, binti wa Inca, kisha wanamukuta Tao. Ile ndege ya zahabu, Kondori Kubwa, inaruka kwa nguvu ya jua, jua likijificha na yenyewe inashuka (sisi na umeme wetu wa Ruzizi tulielewa haraka, kipande kinafika pazuri, pyaa, giza). Kisha kwa mwisho wa kila kipande kulikuwaka filamu fupi ya kweli juu ya Wainka na Wamaya, watoto wengi walikimbia inje saa ile, mi njo nilipenda zaidi.

Wenzako usiwakasirikie, Tom na Jerry hawasemeke sana, hata asiyejua Kifaransa anacheka, lakini ya Esteban ukikosa kipande kimoja umepotea kabisa. Mwaka 2012 waliiendeleza, Esteban akaenda China, lakini picha ni za kompyuta, mi hazikunishika. Anza na ile ya zamani.