Ini Likiugua, Insulini Huenda Wapi?

Nina makovu ya ini yaliyosababishwa na homa ya ini aina ya B. Vipimo vinaonyesha insulini yangu ni nyingi, na bado sukari iko juu. Inawezekanaje?

Inawezekana, tena si jambo la ajabu. Insulini, kichocheo kinachoshusha sukari ya damu, ikitoka kwenye kongosho haiendi moja kwa moja mwilini, bali hupitia kwanza kwenye ini, ambalo huondoa takribani nusu yake. Ini lenye makovu hushindwa kazi hiyo kwa sababu seli zake zenye afya zimepungua, na pia kwa sababu damu inayotoka kwenye utumbo na kongosho, ikikuta njia imebana, hupenya kwenye mishipa ya pembeni na kulikwepa ini. Insulini nyingi ikizunguka mwilini mchana kutwa, misuli, ambayo ndiyo hupokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, huacha kuitii, na sukari hubaki kwenye damu.

Mume wangu anaugua ini. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 5.2 mmol/L, lakini daktari anasema ana kisukari. Nimwamini nani?

Mwamini daktari, shemeji. Akiba ya sukari katika ini bovu ni ndogo na huisha usiku, ndiyo maana namba ya alfajiri hupendeza. Mpime saa mbili baada ya sahani ya wali, utaona mengine. Hata kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) huweza kusoma chini, kwani bandama lililovimba kwa sababu ya ini bovu huharibu chembe nyekundu za damu kabla hazijatimiza siku zake 120.

Baba amekuwa akichoma insulini ileile kwa miaka. Sasa anaamka usiku akitetemeka na jasho likimtiririka. Tuiache?

Msiiache wala msijipunguzie dozi wenyewe, ila mwoneni daktari wiki hii hii, kwa sababu ini lililochoka sana haliwezi tena kutengeneza sukari mpya wakati wa njaa, na insulini nayo hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Akitetemeka, mpimeni; ikiwa chini ya 4, mpeni maji yenye vijiko vitatu vya sukari, mkapime tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali. Kabla ya kulala apate bakuli la uji, na pombe asiiguse kabisa. Kama anatumia pia vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamidi, vipelekeni mkaonyeshe, maana navyo husafishwa na ini hilohilo.