Kalimati za Mtakatifu Yosefu

Kigamboni, Dar es Salaam

Mwanangu Josefina,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako niliupata jana usiku, nikausoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea baba yako kwa sauti, maana miwani yake imevunjika mkono. Kumbe jumuiya yenu huko Dodoma inaadhimisha somo wake, Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi, na wewe umepangiwa kuleta kitindamlo. (Hilo neno mmelitoa wapi? Baba yako amelicheka mpaka akakohoa.) Halafu mama mmoja akasimama kusema vitu vitamu ndani ya Kwaresima ni kuvunja mfungo, na mwingine akadakia kwamba kalimati ni za futari, si za Wakristo. Unaniuliza kama nyumbani tulikuwa tunakosea miaka yote ile.

Hatukukosea. Nianze na la Kwaresima, maana ni jepesi. Siku ya Yosefu, Mume wa Bikira Maria, ni sherehe, yaani daraja la juu kabisa la sikukuu, si kumbukumbu tu. Mtazame padre akitoka sakristia: zambarau ya Kwaresima ameiweka kando, amevaa nyeupe. Na wimbo wa Utukufu unaimbwa, ule ambao ndani ya Kwaresima hatuusikii Jumapili hadi Jumapili. Hata sherehe ikiangukia Ijumaa, kanuni ya 1251 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu nyama, sembuse kalimati. Mweleze mama huyo, ila mweleze pembeni, si mbele ya watu. Ni mkubwa kwako. Na kama mwenyewe ameahidi kuacha sukari mpaka Pasaka, mtengee zake kavu bila shira, yaishe.

Ijumaa ya namna hiyo tuliipata mwaka 2021, tena ndani ya Mwaka wa Mtakatifu Yosefu aliotutangazia Papa Fransisko. Baba yako alianza kuipigia hesabu nusu kilo ya nyama tangu Februari. Jumatano usiku tukasikia Rais Magufuli amefariki, na Ijumaa hiyohiyo ya tarehe 19 Mama Samia akaapishwa Ikulu. Nyama ilibaki kwenye friji. Nani angekuwa na hamu nayo? Jioni Bibi wa mlango wa pili akaja na bakuli la unga uliokwisha kuumuka, akasema mikono ikikaa bure ndipo simanzi inapozidi. Tukakaanga bila maneno, redio ikisoma salamu za rambirambi. Wewe ulipiga simu saa hiyo, hujui tu mikono yangu ilikuwa na nini.

Sasa hili la futari. Hadithi yake sijawahi kukusimulia yote.

Kabla sijaolewa nilikuwa nasaidia jikoni kwenye nyumba ya masista, na mmoja wao alikuwa Mwitaliano wa Napoli. Kila tarehe 19 Machi alitufukuza wote jikoni akabaki na mimi tu, tukatengeneza zeppole. Unga unapikwa kwanza kwenye sufuria kwa maji na siagi, mayai yanapigwa humo moja moja, kisha unakamuliwa kwa umbo la pete na kukaangwa. Juu yake kastadi, na juu ya kastadi tunda moja la cheri. Cheri hatukuwa nazo. Sista aliweka jamu huku akisikitika kama mtu aliyefiwa. Alinieleza pia kwamba huko Sisilia siku hiyo wanaandaa meza ya kulisha maskini, na tambi zao wanazinyunyizia chenga za mkate zilizokaangwa, ati ni vumbi la mbao la karakana ya Yosefu. Hilo nililipenda kuliko zeppole zenyewe.

Nilipoolewa nikataka kumpikia baba yako, maana Yosefu ni somo wake. (Somo wake seremala, yeye fundi magari wa Gerezani, na msumari wake haujawahi kuingia wima.) Mayai manne na siagi kwa mshahara ule! Nikajifunga kibwebwe nikanunua, na zeppole zangu zikazama kwenye mafuta kama mawe. Bibi alikuwa uani anaanua nguo. Alichungulia karai, akauliza, "Kwani mwanangu unatafuta nini? Kitu cha unga, cha kukaanga, kitamu? Hiyo si kalimati tu?" Kesho yake akanifundisha. Yule Sista nilipompelekea sahani alikula tano, akasema hizi ni ndugu zake zeppole, ila hazina majivuno.

Kwa hiyo mwambie huyo wa pili kwamba ndiyo, kalimati nilizipata kwa Mwislamu, na sahani ya kwanza humrudia yeye mpaka leo. Mwaka 2024 na 2025 siku hiyo iliangukia ndani ya Ramadhani, na mwaka huu wa 2026 ni hivyohivyo. Tunakaanga pamoja uani, karai moja, yake ya futari na yangu ya somo. Mimi siku hiyo sijafunga, lakini nitaonjaje mbele yake? Shira ya 2025 ilikosa ndimu, na tulijua baada ya adhana ya magharibi.

Ukiniuliza mimi, keki ya dukani uliyokuwa unaifikiria ni kupoteza pesa. Chukua unga wa ngano nusu kilo, hamira vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja cha chakula, chumvi kidogo kabisa, na hiliki uliyoitwanga mwenyewe. Tui la vuguvugu, vikombe viwili na kitu, ulitie kidogokidogo. Uwe mzito kuliko wa chapati za maji, mwepesi kuliko wa maandazi. Halafu upige kwa mkono, mwanangu, mpaka bega likuume. Uvivu wa hapo huonekana kwenye karai. Ufunike uumuke. Unachota kiganjani, unabana ngumi, tone linatokeza juu kati ya kidole gumba na cha shahada, unalidondosha. Mafuta mengi, moto wa wastani. Moto mkali utazibabua nje na ndani zikabaki mbichi.

Shira ni vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, ichemke mpaka ukiibana vidoleni ivute uzi. Ndimu usiisahau, ndiyo inayozuia isirudi kuwa sukari. Ukishazigeuza humo, usizifunike! Unakumbuka ile sufuria tuliyovuka nayo kwa pantoni kwenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile walilojenga Wajerumani kuanzia 1897 hadi 1902? Ulikuwa darasa la pili. Niliogopa vumbi la feri nikabana mfuniko, na tulipofika zilikuwa zimelegea kwa mvuke, zimegandana kama ugali wa jana. Uliketi kwenye benchi la nyuma ukanong'ona, "Mama, tuseme ni uji." Weka kitambaa chepesi tu.

Baba yako anakusalimu. Sukari yake imepanda, daktari amemkataza shira, naye anasema ataomba zake kavu. Nimemwona ameshachagua kibakuli cha kuchovyea.

Hiliki nimekununulia Kariakoo, mdogo wako atakuletea Jumanne kwa treni. Karai siwezi kukutumia. Liko kwa Bibi, na ameniambia halitoki mpaka Idi ipite.

Mama yako