Unapoanza kazi kwenye mrija wa wimbi la mshtuko, shughulika kwanza na joto

Wanafunzi wanaoingia maabara ya mwako huniuliza kuhusu leza kabla ya kitu kingine chochote. Mimi huwarudisha kwenye joto.

Mrija wenyewe unaeleweka haraka. Upande mmoja kuna heliamu iliyoshindiliwa, upande wa pili mchanganyiko wa mafuta, oksijeni na argoni, katikati kiwambo cha chuma. Kiwambo kikipasuka, wimbi hutimka kuipita sauti, hugonga ukuta wa mwisho na kurudi, na gesi iliyopo pale huruka papo hapo hadi kelvini 1,000 na zaidi. Unapima muda hadi iwake, na kwa kawaida una milisekunde chache tu.

Hakuna kipimajoto cha kuwahi kasi hiyo. Joto tunalikokotoa kutokana na mwendo wa wimbi kati ya sensa na sensa. Sasa piga hesabu: kwenye kelvini 1,200, kama mmenyuko unadai nishati ya kilokalori 45 kwa moli ili uanze, ukikosea joto kwa asilimia 1, muda wa kuwaka unayumba kwa karibu asilimia 20! Ndiyo maana nasisitiza sensa kadhaa, ya mwisho ikae jirani na ukuta. Wimbi hupungua kasi likielekea huko, hivyo wastani wa mrija mzima hautoshi.

Kwa nini tuhangaike kupima kwenye shinikizo kubwa? Kwa sababu kemia yenyewe hubadilika. Kwenye atmosfia 40, atomu ya hidrojeni ikikutana na oksijeni, mara nyingi molekuli ya tatu huidaka nishati na HO2 huzaliwa, kisha H2O2, yaani peroksidi ya hidrojeni. Peroksidi hii hutulia hadi karibu kelvini 1,000, halafu huvunjika na kumwaga OH, vipande vikali vinavyochochea mwako. Kuwaka kwa mafuta ndani ya injini ya dizeli hutegemea sana hatua hiyo, na vipimo vya shinikizo dogo havikuonyeshi.

Kiwambo nakichanja msalaba ili kifunguke kwa petali nne. Baada ya kila jaribio zikague kwa mkono. Ikipungua ncha, itafute ndani ya mrija kabla hujafunga kingine, kisha futa masizi kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke safi.

Na ukiwapa data wenzako wanaounda modeli za mwako kwenye kompyuta, wape pia mchoro mzima wa shinikizo. Likiwa linapanda polepole kabla ya mwako, joto nalo linapanda, na lazima waliingize kwenye hesabu zao.