Usalama unaofanana katika vituo vyote vya kazi
Ndugu, umeuliza kwa nini kituo kimoja kinafuata kanuni za usalama na kingine hakifuati, ilhali mwongozo ni uleule. Kiwango cha ISO 45001 cha mwaka 2018, yaani kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama na afya kazini, kinataka uongozi uwajibike na wafanyakazi washirikishwe, nami ningeanzia kwa msimamizi wa zamu. Akiruhusu mashine isafishwe bila kuzimwa na swichi yake kufungwa kwa kufuli, eti kwa sababu oda imechelewa, wafanyakazi watamfuata yeye, si bango la ukutani. Wapeni wasimamizi wote mamlaka yaleyale ya kusimamisha kazi. Tena, msiharakishe kukisifu kituo kisichoripoti hata tukio moja la kuponea chupuchupu. Huenda watu wake wanaogopa kusema.