Jibu: chuma kipi kinafaa kisu? Tazama cheche

Ndugu, umeuliza utajuaje kama kipande ulichookota kinafaa kufua kisu au ni chuma laini tu. Kiguse kwenye jiwe la grenda (mashine ya kunolea) linalozunguka, mahali penye kivuli, utazame cheche, na miwani uvae tafadhali. Msumari wa kawaida, ambao ni chuma laini, hutoa mistari mirefu ya cheche isiyochanua sana. Tupa kuukuu, kile kifaa cha kusugulia chuma, ni habari nyingine kabisa: cheche zinapasuka karibu na jiwe, zikichanua vijitawi vingi kama nyota, kwa sababu ya kaboni nyingi iliyomo, ambayo ndiyo hufanya chuma kifae kisu. Springi ya gari iko katikati. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kama drami la breki, cheche zake fupi, nyekundu, hafifu. Hicho achana nacho, kitavunjika ukikipiga nyundo. Mimi huweka msumari na tupa pembeni, nikavigusisha kwa zamu na kipande chenyewe, kwa mkono uleule, maana rangi peke yake hudanganya.